Mkono Mmoja, Barua Mbili

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kila ninaposhika kalamu, na jana uliponiletea ile karatasi yako niliikumbuka tena hata kabla hujaketi. Ulisimama hapa ofisini kwangu, kati ya mabunda yanayongoja kusafirishwa, ukanieleza habari za yule Mkenya aliyehamia ghorofa yenu kule Dengfeng. Anapiga picha vibao vya maduka. Anauliza watu waliingia lini mji huu, wanaishi na nani, wanaswali wapi. Mmekaa sita, wewe na wenzako, mkaandika malalamiko kwa mwenye nyumba ili atolewe, na mkataka niweke sahihi yangu juu kabisa kwa kuwa mimi ndiye mwenyekiti wa Watanzania hapa Xiaobei, Guangzhou. Nikakwambia uje leo. Ulitoka umevimba uso, nilikuona.

Kwanza nikwambie jambo, usije ukanidhania vibaya. Mimi si mtu wa kuamini watu. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Mzigo ukifika kabla ya siku yake naufungua kutazama kilichopungua. Mke wangu anasema hata daktari akiniambia nimepona namtaka alete shahidi. Huyo Mkenya wenu nimemwona mara mbili pale mgahawani, na sikumpenda. Kwa hiyo usidhani unasema na mzee mwenye moyo mweupe anayetaka kukufundisha kupenda majirani.

Nilikuja mji huu nikiwa kijana, kwa ufadhili wa masomo, kama wewe. Xiaobei ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwa Xiaobei. Wafanyabiashara wa kwanza kutoka Kariakoo na Darajani walikuwa wanashuka hawajui neno moja la Kichina, wanazunguka na vipande vya kitambaa mkononi wakitafuta mtu wa kuwasemea. Sisi wanafunzi ndio tuliokuwa ndimi zao. Tulikuwa tunatoroka darasani, tunapanda basi mpaka Dengfeng, tunasimama kati ya mama wa Kariakoo na laoban, mwenye duka, tunageuza maneno huku na huku. Lilikuwa kosa, maana ufadhili ulitukataza kufanya kazi, na mahudhurio yalikuwa yanaandikwa. Lakini kila mtu alifanya, na jambo linalofanywa na kila mtu huwa halionekani kuwa kosa mpaka siku mmoja akamatwe.

Bwenini tulikuwa Watanzania tisa. Na Watanzania tisa wakikutana popote duniani, unajua mwenyewe, wanaunda kamati. Mwenyekiti alikuwa Shebe, mtu wa Tanga, mrefu, mwenye sauti ya kujaza chumba. Mimi nilichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko. Mpaka leo kuna wazee wawili watatu humu mjini wananiita Makame Katibu.

Huo mwandiko acha niueleze, maana ndio uliokuja kuniumbua. Nilikuwa naandika Kichina vizuri kuliko mgeni yeyote pale chuoni, na nilijua. Walimu walikuwa wanabandika kazi zangu ukutani. Nilikuwa na namna yangu ya kuvuta mkia wa herufi, naupeleka chini kisha naurudisha kidogo kwa ndani, na walimu walikuwa wakicheka wakisema huyu ameitoa wapi. Niliitoa kwa mama yangu, Bi Asha, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Pemba. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikiwa sijatimiza miaka mitano, tukaandika ubaoni kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Mkono ulioanza na alifu na be haukuwahi kuziacha, hata ulipofika China.

Sasa, bwenini mle akaja Mfilipino mmoja, jina lake Isidro. Alikuwa anakaribia miaka thelathini, mwembamba, mpole, na daima alikuwa na daftari la jalada la buluu. Chumba chake kilitazamana na changu. Jikoni tulikuwa tunatumia pamoja, na siku ya kwanza tulipomkaribisha ugali na samaki, alikunja mikono ya shati, akanawa, akala kwa mkono kama sisi, bila kumwaga, bila kubabaika. Wenzangu walifurahi. Mimi nikajiuliza: mtu gani anajua kula ugali bila kufundishwa? Nikaamini ametumwa, na aliyemtuma amemfunza kwanza. Kwao watu wanakula wali kwa mkono tangu watoto, lakini mimi sikuuliza. Mwenye shaka hapendi kuuliza, mwanangu, maana akiuliza anaweza kujibiwa.

Halafu akaanza maswali yake. Alikuwa anamkalia mtu jikoni, taratibu, anamuuliza: nani alikufundisha kusoma? Kitabu chako cha kwanza kilikuwa kipi? Kuna kitu chochote ulikatazwa kusoma? Na jibu anaandika katika lile daftari la buluu. Aliwauliza Watanzania, akawauliza Wakongo wa ghorofa ya juu, akamuuliza hata bawabu. Nami aliniuliza mara tatu. Kila mara nikamwambia, "Nitakwambia siku nyingine, sasa nina kazi."

Siku moja mchana tulikuwa wawili tu jikoni, akanieleza kwa nini yuko Guangzhou. Alisema babu wa babu yake alikuwa mwandishi zama Wahispania walipokuwa wanatawala visiwa vyao. Mama wa huyo mwandishi alikuwa mshonaji. Alikuwa anatarizi vitambaa vya kanisa, na katika pindo za vile vitambaa ndimo alimofundishia mwanawe herufi, moja moja, kwa uzi mwekundu. Mtoto akaenda shule ya mapadri. Akauliza maswali, akachapwa. Akaendelea kuuliza. Wakamwambia mtu wa rangi yake akijua sala na hesabu inamtosha. Familia ikauza shamba, akavuka bahari kwenda kusomea sheria huko huko kwa watawala, na huko akaanza kuandika.

"Aliandika Wahispania wafukuzwe?" nikamuuliza.

"Hapana," alisema Isidro. "Wengine wanamlaumu kwa hilo mpaka leo. Aliomba shule kila mji. Aliomba sheria iwe moja kwa mzungu na kwa mwenyeji. Aliomba padri asiwe hakimu. Hayo tu. Na hayo tu yalitosha wamwite adui."

Kitabu chake kilikuwa kidogo, akasema, cha kuingia mfukoni. Nyumbani hakuna mtambo uliothubutu kukichapa, basi alikileta katika mji huu huu, akampata mchapishaji Mchina asiyejua neno la Kihispania, aliyezipanga herufi kwa kuzitazama umbo. Akarudi Manila na sanduku la vitabu. Bandarini walikuwa wanamngoja. Vitabu vikachomwa, yeye akahamishiwa kisiwa cha mbali na hakurudi tena. Aliyemchongea alikuwa rafiki yake waliyekaa naye chumba kimoja ughaibuni na kula meza moja. Familia haina nakala hata moja. Isidro alikuwa anatafuta nakala iliyobaki Guangzhou, kama ipo, katika ghala la maktaba ya zamani, na ruhusa ya kuingia ghalani alikuwa ameihangaikia miezi minane.

"Na maswali yako?" nikasema.

"Kitabu chake kinaanza na habari ya mama yake na ule uzi mwekundu. Hilo familia inalikumbuka. Nami nataka kuandika maisha yake, nianze kwa kuwauliza watu wa nchi zilizotawaliwa: nani aliwafundisha kusoma? Wewe bado hujanijibu, Makame."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikatikisa kichwa kwa huruma, na moyoni nikajiambia hadithi hii ni nzuri mno. Huyu ananipima. Niliona hata ile sehemu ya rafiki mchongezi ameitia makusudi, aone uso wangu utabadilika vipi.

Haukupita mwezi, Mwinyi akanyang'anywa ufadhili. Mwinyi alikuwa mdogo wetu, kijana wa Bagamoyo, mcheshi, kipenzi cha wote. Aliitwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni asubuhi akatoka hana masomo, na wiki mbili baadaye tukamsindikiza uwanja wa ndege huku analia waziwazi. Sisi sote tulijua kilichomponza. Alikuwa amekaa wiki nzima Pazhou kwenye maonyesho ya biashara akimsemea mfanyabiashara wa Kariakoo, na wiki ile ile kulikuwa na mitihani miwili. Karatasi zake zilibaki tupu na jina lake likawa halipo kwenye mahudhurio. Hapakuhitajika mchongezi. Lakini kukubali hivyo kungetulazimu sisi wanane tuliobaki tujitazame, na hilo hatukulitaka. Tukaanza kuulizana nani amemsema.

Siku tatu baada ya Mwinyi kuondoka niliingia jikoni kuchemsha maji. Daftari la buluu lilikuwa mezani, limeachwa wazi, mwenyewe ametoka. Nikatazama mlangoni, kisha nikatazama ukurasa. Ulikuwa na majina. Jina, mahali, siku, saa. Na la nne kutoka juu lilikuwa langu: Makame, Dengfeng, Alhamisi, saa tisa.

Alhamisi saa tisa nilikuwa na somo. Na kila Alhamisi saa tisa nilikuwa Dengfeng.

Nilimwona mama yangu. Nilimwona akitoka kunipokea, na majirani nyuma yake wakinong'ona kwamba mtoto wa mwalimu wa chuo amerudishwa. Alikuwa ameuza cherehani yake na bangili zake ili nipate nauli na nguo za baridi. Nilijua nikirudi bila cheti nitakuwa nimemuua akiwa hai. Nakueleza haya usije ukadhani nilikuwa mtu mbaya anayetafuta ubaya. Niliogopa, basi.

Jumapili asubuhi tukaita kikao chumbani kwa Shebe. Kikao kamili, kikafunguliwa kwa dua, kikawa na ajenda, na mimi nikaandika kumbukumbu.

"Jamani, huyu mtu ni informa," Shebe alisema. "Katibu ameona kwa macho yake. Mwinyi alikuwa wa kwanza tu. Sasa mnataka tungoje mpaka tuishe wote?"

Mmoja wetu, mtaratibu, akasema, "Bwana Mwenyekiti, mimi naona tumuite tumuulize."

"Tumuulize nini? Mwizi unamuuliza kama ameiba?" Shebe akageuka kwangu. "Katibu, mwandiko wako unasomeka. Andika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa Mwalimu Liang. Usitie majina yetu. Wanafunzi wenye wasiwasi, inatosha."

Nami niliandika. Nilikaa mezani Jumapili nzima. Na sikiliza hapa, maana ndipo penye somo lote: barua ile haikuwa na uongo hata mmoja. Niliandika kwamba mwanafunzi huyu anawahoji wenzake wa mataifa mbalimbali. Anawauliza walikatazwa kusoma nini. Anaandika majina yao, na mahali walipo, na saa. Ana hadithi ya jamaa yake aliyepingana na serikali akahamishwa. Anaomba kuingia ghala ambalo wageni hawaingii. Kila neno lilikuwa kweli, na nililipanga kila moja pale litakapouma. Nilipomaliza niliisoma tena na nikaona ni barua nzuri. Nikaipitisha chini ya mlango wa ofisi Jumatatu kabla ya watu kufika.

Alhamisi ile sikwenda Dengfeng. Nilikwenda darasani, nikaketi mbele.

Jumatano iliyofuata madaftari ya Isidro yalichukuliwa yakaguliwe. Ruhusa yake ya ghala ikasimamishwa. Viza yake ilikuwa inaisha baada ya wiki tatu, alikuwa ameomba aongezewe miezi mitatu, na ombi hilo nalo likawekwa kando mpaka ukaguzi uishe. Jikoni tukaacha kuzungumza naye. Alikuwa akiingia, watu wanafunika sufuria wanatoka. Hakuuliza kwa nini. Alikula peke yake, akaosha sahani yake, akafuta meza.

Siku moja jioni, kabla ya maghribi, akagonga mlango wangu. Nilipomwona nilijua ameshajua, nikajiandaa kukana. Alikuwa ameshika bahasha tupu.

"Makame, samahani kukusumbua," alisema. "Mwalimu Liang amesema naweza kuandika maelezo yangu. Kusema naweza, lakini kuandika kwangu Kichina ni kwa mtoto. Wewe unaandika vizuri kuliko sisi wote. Naomba uniandikie."

Mwanangu, nafasi ya kusema ilikuwa pale. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu, na yeye alikuwa anatabasamu kwa aibu ya kuomba. Ningesema sentensi moja. Badala yake nilimkaribisha kitini, nikamuuliza kwa sauti ya mtu mwema, "Unadhani nani amekufanyia hivi?" Nilitaka kujua kama ananishuku.

"Sijui," alisema. "Na sitaki kuanza kutafuta. Nikianza, sitaweza tena kukaa jikoni na mtu."

Nikamwandikia. Niliandika kwa bidii kuliko nilivyoandika mtihani wowote. Nikaeleza habari ya babu yake, na mama mshonaji, na uzi mwekundu, na kitabu cha mfukoni. Nikaandika kwamba ni mtu mwaminifu anayeheshimiwa bwenini. Nilijidanganya kwamba barua ya pili ikiwa nzuri zaidi itaifuta ya kwanza, na hakuna atakayehitaji kujua. Asubuhi akaniomba nimsindikize ofisini ili nisaidie pale maneno yatakapomshinda, nami nikakubali.

Mwalimu Liang alikuwa mama wa makamo, karibu na kustaafu, nywele fupi zenye mvi, haongei sana. Aliisoma barua polepole mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye mstari mmoja wa katikati akautazama muda mrefu. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine, akaiweka kando ya ile ya kwanza, akazisogeza mbele yetu zikiwa sambamba.

Mikia ya herufi ilikuwa inashuka na kurudi kidogo kwa ndani, katika karatasi hii na katika ile.

"Mkono mmoja," alisema. "Huu unasema mtu huyu ni wa hatari. Huu unasema mtu huyu ni mwema. Wiki mbili tu kati yake. Makame, nimwamini nani kati yenu wawili?"

Mwalimu Liang akaendelea, bila kupandisha sauti. "Nilipokuwa msichana, baba yangu aliandikiwa barua kama hii ya kwanza. Haikuwa na jina, na haikuwa na uongo. Nilimtafuta aliyeiandika kwa miaka mingi, kila mtaa nikimtazama huyu na huyu. Unajua alichonichukulia? Si baba peke yake. Alinichukulia majirani zangu wote."

Kisha akalitoa daftari la buluu akalifungua kwenye ule ukurasa wa majina, akamwomba Isidro aeleze. Isidro akaeleza. Ilikuwa orodha ya miadi. Watu waliomwambia wana shughuli aliwauliza atawapata wapi na saa ngapi, akaandika. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, siku moja nikiwa nakimbilia basi, "Ukinitaka, Alhamisi saa tisa niko Dengfeng." Nilikuwa nimesahau kabisa. Kurasa za mbele kila jina lilikuwa na ukurasa wake, na jibu lake limejaa: bibi wa Mkongo, kaka wa bawabu, mjomba wa Shebe aliyemfundisha kusoma kwa vipande vya gazeti vya kufungia maandazi. Ukurasa wangu ulikuwa na jina juu, na chini yake neno moja: ameahidi.

Isidro alizitazama barua mbili. Hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Aliniuliza jambo moja tu, "Ndiyo maana ulikuwa hunijibu?"

Nililia, mwanangu. Mwanamume mzima, katibu wa kamati.

Mwalimu Liang akanisukumia karatasi nyeupe na kalamu. "Andika ya tatu," alisema. "Eleza ya kwanza ilivyoandikwa, na uanze na jina lako." Nikaandika pale pale mbele yao, jina langu juu kabisa, na nikaeleza pia habari ya Alhamisi na Dengfeng, maana bila hiyo hofu yangu isingeeleweka. Nilipewa onyo kali na muhula mmoja nikakatiwa posho. Sikufukuzwa, na najua ni Mwalimu Liang aliyenitetea, ingawa hakuniambia.

Lakini barua ya kwanza ilikuwa imeshapanda ngazi. Ilishapelekwa kwa wakubwa wasiomjua Isidro wala mimi, nayo ya tatu ilikuwa ikiifuata nyuma, meza hadi meza. Jibu la kumsafisha lilifika. Lilifika siku nne baada ya viza yake kuisha.

Siku viza ilipoisha nilimbebea begi mpaka kituo cha treni ya Hong Kong. Hakunikataza. Shebe na wenzangu walimuaga mlangoni wakiwa wanatazama chini. Pale kituoni alitoa daftari, akauchana ule ukurasa wenye jina langu, akanipa. "Siku ukiwa na nafasi," alisema, "ujaze." Kisha akaingia na watu wengine, na sikumwona tena. Anwani hakuniachia, nami sikuwa na uso wa kuiomba.

Mpaka leo nikipita kwa wauza vitabu vya zamani naingia kutafuta kitabu kidogo cha mfukoni chenye maneno ya Kihispania. Wenye maduka wamenizoea. Wakiniona tu mlangoni wananipungia mkono, "Meiyou, meiyou," hakuna, kabla sijafungua mdomo. Labda hakipo kabisa. Labda kilikuwa ndani ya lile ghala, siku zile, kinamngoja.

Sasa tuje kwenye karatasi yako. Nimeisoma mara mbili jana ulipoondoka. Imeandikwa vizuri, na sioni uongo ndani yake. Ndiyo maana sitii sahihi. Kama ingekuwa na uongo ningekwambia tu usahihishe.

Sikwambii huyo Mkenya ni mtu mwema. Simjui, na nimekwisha kukwambia sikumpenda. Inawezekana kweli ametumwa. Wapo watu wa namna hiyo, na usalama wenu si jambo la mchezo. Ninachokwambia ni kwamba ninyi sita mmemtazama, mmemhesabia, mmemwandika, na hakuna mmoja aliyegonga mlango wake. Nenda kagonge. Nenda mchana, nenda na mwenzako, muulize: kaka, hizi picha ni za nini? Sikiliza jibu mpaka mwisho, hata likiwa zuri mno. Likikuridhisha, mkaribishe chakula. Likikutia hofu zaidi, rudi hapa tuandike, nami nitaandika kwa mkono wangu huu huu. Lakini tutaanza na jina lako na jina langu, na nakala ya kwanza tutampa yeye mwenyewe. Neno usiloweza kumwambia mtu usoni, usilipeleke kwa mwenye nguvu juu yake. Ukishalipitisha chini ya mlango wa mtu hulipati tena, na hata ukiandika barua mia za kulifuta zitafika zimechelewa siku nne.

Na wewe mwenyewe jihadhari na Alhamisi zako. Hofu kubwa kuliko zote ni ya mtu mwenye kitu anachokificha.

Jana ulipotoka nilifungua kabati nikautoa ule ukurasa. Umekuwa wa manjano na kukunjika. Chini ya neno lile, ameahidi, nikaandika, baada ya miaka yote: Mama yangu, Bi Asha, kwa kalamu ya tete, kabla sijatimiza miaka mitano. Sijui nitautuma wapi.

Chukua karatasi yako, mwanangu. Mungu akulinde na wabaya, na akulinde zaidi na ubaya unaofanywa na watu waoga. Akupe majirani wanaogonga mlango wako kabla ya kukuandika, na kila utakapoandika jina la mtu mwingine, akupe ujasiri wa kutanguliza lako.